Naomba ushauri: chunjua ya kisigino, asidi imegonga mwamba

Wakuu, naomba ushauri kuhusu chunjua ya kisigino, ile inayosukumwa ndani na uzito wa mwili. Sugu siyo: mistari ya ngozi inakatika ukingoni mwake, ukiibinya kwa pembeni inauma kuliko ukiibonyeza juu, na ukiikwangua vinatokea vidoti vyeusi. Hivyo ni vimishipa ambamo damu imeganda, wala si mizizi, msivichokonoe.

Dawa ni asidi ya salisiliki ya 17% kila usiku: mguu unalowekwa maji ya vuguvugu dakika 5 hadi 10, ngozi nyeupe iliyokufa inasuguliwa kwa jiwe lisilotumika kwingine (HPV, kirusi kinacholeta chunjua, huhama nalo), asidi inapakwa juu ya chunjua tu, kisha plasta. Wiki 12 zimekwisha. Kinachokwamisha ni ngozi ya pembeni: inababuka, dawa inasimamishwa, gamba gumu linarudi na asidi haipenyi tena.

Je, kuizungushia vaselini kunatosha? Au sasa ni kuigandisha chunjua kwa nitrojeni ya kimiminika, kila baada ya wiki 2 hadi 3? Mgonjwa hana kisukari wala ganzi miguuni. Angekuwa navyo, asidi isingeguswa bila daktari.