Asiyekuwa Muislamu ana nafasi gani akhera? Wajuzi nisaidieni

mjukuu_wa_bibi: Assalaam alaykum. Bibi yangu mzaa mama katutoka juzi akiwa Mkristo, na yeye ndo kanilea, Ramadhani alikuwa ananiamsha daku halafu anakaa pembeni anasinzia mpaka nimalize kula. Sasa nasoma Qur'ani, sura ya Baqara aya ya 62 naona Mayahudi na Manasara (Wakristo) wanaomuamini Mungu na Siku ya Mwisho na wakatenda mema wana ujira wao kwa Mola wao, nikifika Aal Imran 85 dini isiyokuwa Uislamu haikubaliwi. Jamani nimekwama.

abu_swafiya: Waalaykum salaam, pole na msiba. Hazigongani hizo, wafasiri wengi wanasema ya 62 ni ya waliofuata mitume wao kabla hajaja Mtume wetu (SAW). Na hadithi ipo kwenye kitabu cha hadithi cha Imam Muslim, Myahudi au Mnasara aliyemsikia Mtume akafa hakuamini ni wa motoni. Tusilainishe dini kisa mapenzi.

msomaji_tu: Sheikh neno zito hapo ni "aliyemsikia", ndo umelipita mbio. Kasikia nini? Imam Ghazali (kafariki 1111) kwenye kitabu chake Faysal at-Tafriqa kawagawa wasio Waislamu mafungu matatu, ambao hata jina la Mtume halikuwafika hao wana udhuru, walioishi na Waislamu wakamjua alivyo kisha wakakataa hao ndo makafiri, halafu kuna waliokua wakiambiwa ni muongo tu anadai utume, hao kawaweka na wale wa kwanza maana habari iliyopotoshwa haimsukumi mtu kutafuta. Na Israi 15 Mungu haadhibu mpaka apeleke mtume.

abu_swafiya: Ya Ghazali naikubali ila bibi anayeamsha mtu daku utasema habari haikumfika??

msomaji_tu: Daku kaiona, alichokuwa anahubiriwa kuhusu Mtume tangu utotoni mimi na wewe tunakijua?

ummu_h: Nyie mnabishana mwenzenu kafiwa. Mdogo wangu, kumuombea maghfira (msamaha wa Mungu) aliyekufa nje ya Uislamu wanachuoni wanakataza, dalili yao Tawba 113. Lakini kwa Muslim hukohuko, Mtume aliomba ruhusa amuombee mama yake msamaha hakupewa, akaomba azuru kaburi lake akaruhusiwa, akalia mpaka waliokuwa naye wakalia.

mjukuu_wa_bibi: Hiyo sikuijua dada. Kesho naenda kaburini basi.