Mrejesho: Krismasi peke yangu Rye, bila gari

Wakuu, mwezi wa kumi niliwauliza: mtu anayeishi London, hana leseni, aende wapi mashambani kula Krismasi peke yake kwa utulivu? Nimerudi salama. Asanteni sana.

Nilimfuata aliyesema nichague mji mdogo wenye stesheni yake. Nikaenda Rye, kusini mashariki mwa Uingereza: treni ya kutoka stesheni ya St Pancras, London, hadi Ashford, unabadilisha hapo, jumla saa moja na ushee. Kutoka stesheni nilitembea tu. Ila mawe ya Mermaid Street yaliyatesa magurudumu ya begi langu. Chukueni la mgongoni.

Dada aliyenionya kwamba tarehe 25 treni hazitembei kabisa, na 26 njia nyingi zimelala, aliniokoa. Nilikwenda 23, nikarudi 27.

Nilipochemka: alinihimiza pia niwahi kuweka nafasi ya chakula cha Krismasi. Nikapuuza, nikidhani mtu mmoja hakosi kiti. Kila nilikopiga simu, pamejaa. Bahati chumba kilikuwa na jiko na nilishanunua vitu tarehe 24, kwa hiyo nikajipikia wali na kuku, na pilipili niliyotoka nayo nyumbani.

Matembezi ya kwenda Winchelsea, mji mdogo wa jirani, niliishia njiani. Tope, na saa kumi jioni giza linaingia. Rye Harbour, hifadhi ya pwani hapo karibu, ndiyo nimeipenda: tambarare, ndege wa majini tele, upepo wa kukata masikio.

Upweke? Kidogo, usiku wa 24, baada ya kukata simu ya mama kutoka Tanga.