Diski ina LUKS, baada ya apdeti laptopu inaishia initramfs, haiulizi hata neno la siri

pwani_tz

Wakuu salaam. Laptopu ina Ubuntu 22.04. Iliwekwa ikiwa 20.04 na diski nzima ikasimbwa tangu siku hiyo: LUKS (usimbaji wa diski wa Linux), na ndani yake LVM (mfumo wa kugawa diski). Juzi apdeti ilileta keneli 6.8.0-40 wakati inayotumika ni 6.5.0-45, ikakwama katikati kwa sababu /boot, patisheni yenye mafaili ya kuwashia, ilijaa. Nikaendesha `sudo apt autoremove --purge`, nafasi ikapatikana, halafu `sudo dpkg --configure -a` na `sudo update-initramfs -u -k all`. Sikuona kosa lolote. Nikazima na kuwasha.

Sasa haifiki hata pale pa kuandika neno la siri. Skrini inakaa nyeusi kama nusu dakika, kisha:

```
Gave up waiting for root file system device.
ALERT! /dev/mapper/vgubuntu-root does not exist. Dropping to a shell!
```

Keneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB nayo inaishia hapo hapo. Neno la siri nalikumbuka vizuri. Bekapu ya mwisho ni ya mwezi Mei, kwa hiyo naogopa kugusa kitu. Nifanye nini, na nisifanye nini?

fundi_mizizi

Pole mkuu. Tulia, kwa dalili hizi data yako ipo salama. Ujumbe huo unasema mzizi (mfumo mkuu wa mafaili) haukuonekana, hausemi kwamba umeharibika. Keneli imepakiwa na initrd (faili la initramfs, mfumo mdogo unaotangulia kabla ya mzizi kupatikana) imepakiwa, ila hakuna aliyefungua kabati la LUKS, na LVM iliyomo ndani haiwezi kuonekana kabati likiwa limefungwa.

Dalili zinatofautiana, na tofauti hizo ndizo zinazotuonyesha pa kutazama. Initrd ingekosekana kabisa, ungepata "Kernel panic" yenye "unknown-block(0,0)". Neno la siri lingekuwa linakataliwa, ungesoma "cryptsetup failed, bad password or options?", na hapo ningeanza kushuku mpangilio wa kibodi, maana kwenye initramfs kibodi inaweza kurudi kwenye mpangilio wa Marekani na alama kama @ au " zikahama vitufe. Wewe hukuulizwa chochote. Mimi nashuku kwamba programu ya kufungulia haimo ndani ya initrd.

Hapo hapo kwenye mstari wa initramfs andika haya matatu, utuletee majibu:

```
blkid
ls /sbin/cryptsetup
cat /cryptroot/crypttab
```

Ikitokea cryptsetup ipo, unaweza kufungua kwa mkono na mashine ikaendelea kuwaka:

```
cryptsetup open /dev/nvme0n1p3 nvme0n1p3_crypt
lvm vgchange -ay
exit
```

Kama blkid haionyeshi diski yenyewe kabisa, hilo ni tatizo jingine: ingia BIOS uangalie kama hali ya diski imebadilika kutoka AHCI kwenda RAID.

Na usiyopaswa kufanya. Wapo watakaokwambia uendeshe fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa mafaili, kwenye nvme0n1p3. Usifanye. Patisheni hiyo kwa nje ni LUKS, siyo ext4. fsck.ext4 italalamika "Bad magic number in super-block" na kukupendekezea superblock mbadala, na ukianza kufuata mapendekezo hayo unaweza kuandika juu ya data iliyosimbwa. fsck ni ya /dev/mapper/vgubuntu-root, baada ya kufungua. Pia usiguse `luksFormat`, na ukichomeka diski hiyo kwenye Windows ikauliza kama ui-formati, kataa.

pwani_tz

Asante mkuu. Majibu:

```
/dev/nvme0n1p1: TYPE="vfat"
/dev/nvme0n1p2: TYPE="ext4"
/dev/nvme0n1p3: TYPE="crypto_LUKS"
ls: /sbin/cryptsetup: No such file or directory
cat: can't open '/cryptroot/crypttab': No such file or directory
```

UUID (namba za utambulisho za patisheni) nimeziondoa ili isiwe ndefu.

fundi_mizizi

Basi ndiyo hiyo. Patisheni ya tatu bado inajitambulisha kama crypto_LUKS, habari njema. Initrd zako zote mbili zimejengwa bila cryptsetup.

Sababu karibu hakika ni autoremove. Tangu Debian 10, na Ubuntu za baada yake, hati zinazoingiza cryptsetup kwenye initrd zimo katika kifurushi cha peke yake, `cryptsetup-initramfs`. Autoremove huondoa kifurushi chochote kilichowekwa kama tegemezi ambacho hakuna kingine kinachokihitaji tena, na kwenye mashine iliyopandishwa toleo, alama hizo za utegemezi wakati mwingine hazilingani na hali halisi. Ukijibu Y bila kusoma orodha, kinaondoka. Kisha `-k all` ikajenga upya initrd ya kila keneli bila kifurushi hicho, pamoja na ile ya 6.5 ambayo hadi wakati huo ilikuwa nzima. Ungeacha `-u` peke yake ingegusa keneli mpya tu, na leo ungewaka kwa ya zamani.

Tengeneza fleshi ya Ubuntu 22.04, washa nayo, chagua Try Ubuntu, unganisha intaneti, fungua terminali:

```
sudo cryptsetup open /dev/nvme0n1p3 nvme0n1p3_crypt
sudo vgchange -ay
sudo mount /dev/mapper/vgubuntu-root /mnt
sudo mount /dev/nvme0n1p2 /mnt/boot
sudo mount /dev/nvme0n1p1 /mnt/boot/efi
for d in dev dev/pts proc sys run; do sudo mount --bind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt
```

Mstari wa mwisho, chroot, unakuingiza kwenye mfumo wa diski yako kana kwamba umewaka kutoka humo. Usisahau mstari wa /mnt/boot. Ukiuacha, initrd mpya itaandikwa kwenye folda tupu ya boot iliyo ndani ya mzizi, kila kitu kitaonekana kimekwenda sawa, na ukiwasha utakutana na tatizo lile lile. `run` nayo iwemo, maana /etc/resolv.conf ya Ubuntu ni kiungo kinachoelekea huko, na bila hiyo apt haitapata intaneti.

Ukishakuwa ndani:

```
apt update
apt install cryptsetup-initramfs lvm2
update-initramfs -u -k $(uname -r)
update-grub
```

bi_seva

Naomba nirekebishe mstari mmoja wa fundi kabla haujatumika. Ndani ya chroot, `uname -r` inajibu keneli ya fleshi, siyo ya diski. Itatafuta initrd ya keneli ambayo huna. Tumia jina kamili, ukilisoma kwa `ls /boot/vmlinuz-*`:

```
update-initramfs -u -k 6.8.0-40-generic
```

Anza na hiyo moja. Ikithibitika, ndipo ufanye ya 6.5.

Jambo la pili ni jina. Ukishaingia chroot soma `cat /etc/crypttab`, faili linaloorodhesha diski za kufunguliwa wakati wa kuwaka. Mstari unatakiwa ufanane na huu:

```
nvme0n1p3_crypt UUID=... none luks,discard
```

Neno la kwanza ndilo jina ulilopaswa kutumia kwenye `cryptsetup open`. Watu wengi hufungua diski kwa kubofya kwenye kidirisha cha mafaili cha fleshi, na hapo inafunguliwa kwa jina la luks- likifuatiwa na UUID. Update-initramfs inalinganisha kilichofunguliwa na kilichoandikwa kwenye crypttab. Visipolingana inatoa onyo "target ... not found in /etc/crypttab", haisimami, na initrd inatoka haina mstari wa diski yako. Ukiona onyo hilo, toka, funga, ufungue upya kwa jina sahihi.

UUID iliyomo kwenye crypttab iwe ya nvme0n1p3 yenyewe, ile ambayo blkid inaiandikia crypto_LUKS. Ukiweka ya vgubuntu-root, haitafunguka kamwe.

La tatu ulifanye kabla ya hayo yote, hata kabla ya mount ya kwanza: chukua nakala ya kichwa cha LUKS. Chomeka fleshi ya pili:

```
sudo cryptsetup luksHeaderBackup /dev/nvme0n1p3 --header-backup-file /media/ubuntu/FLESHI/kichwa.img
```

Kwa LUKS2 faili hilo huwa MiB 16. Funguo zimo ndani ya kichwa hicho. Kikiharibika, neno la siri sahihi halitakufaa kitu, kwa sababu kazi yake ni kufungua ufunguo uliohifadhiwa mle tu. Na ukiwa umeshafungua na ku-mount mzizi, nakili mafaili yako ya tangu Mei kwenye diski ya nje kabla hujaendelea na chroot. Hakuna haraka.

pwani_tz

Nimefanya kwa mpangilio wa bi_seva: kichwa kwanza, kisha mafaili, kisha chroot. Ndani ya /var/log/apt/history.log, siku ile ile, mstari wa Purge unataja keneli moja ya zamani na katikati yake `cryptsetup-initramfs:amd64`. Crypttab ipo na haikuguswa. lvm2 ipo.

Lakini update-initramfs sasa inasema "No space left on device". `df -h /boot` inaonyesha 705M, imetumika 92%. Nina keneli mbili tu kwenye menyu. Vipi imejaa tena?

bi_seva

Kwa sababu initrd mpya huandikwa pembeni kwanza kwa mwisho wa .new, ndipo ichukue nafasi ya ile ya awali. Kwa muda huo unahitaji nafasi ya zote mbili. Andika `ls -lh /boot`. Utakuta ama mabaki ya .new ya siku ilipokwama, ama faili la keneli ambayo haimo tena kwenye menyu. Linganisha na:

```
dpkg -l 'linux-image-*' | grep ^ii
```

Keneli iliyomo kwenye orodha ya dpkg usiifute kwa rm hata kama huihitaji, iondoe kwa `apt purge` na jina lake kamili. Ukiifuta kwa rm, dpkg itaendelea kuihesabu kuwa ipo. Lakini initrd isiyo na mwenyewe kwenye dpkg, au .new iliyokatika, hiyo futa kwa rm.

pwani_tz

Ilikuwepo initrd.img-6.8.0-40-generic.new ya MB 61, na initrd ya 6.2 isiyo na keneli. Nimezifuta, update-initramfs imekamilika bila onyo. Nihakikishe vipi kabla ya kuwasha upya?

fundi_mizizi

Asante bi_seva kwa sahihisho la uname, nilikosea hapo.

Mkuu, chungulia ndani ya initrd:

```
lsinitramfs /boot/initrd.img-6.8.0-40-generic | grep -E 'cryptsetup$|cryptroot'
```

Lazima uone `cryptroot/crypttab`, `scripts/local-top/cryptroot` na `usr/sbin/cryptsetup`. Kimoja kikikosekana usiwashe upya, rudi hapa. Vikiwepo vyote, fanya vivyo hivyo kwa 6.5.0-45, endesha `update-grub`, kisha utoke kwa utaratibu:

```
exit
sudo umount -R /mnt
sudo vgchange -an vgubuntu
sudo cryptsetup close nvme0n1p3_crypt
```

pwani_tz

Vitatu vyote vimo. Imewaka, imeuliza neno la siri, imefunguka kwa keneli zote mbili. Nawashukuru sana, kwa dhati.

fundi_mizizi

Hongera. Usifunge kazi kabla ya hii:

```
sudo apt-mark manual cryptsetup-initramfs lvm2
```

Baada ya hapo autoremove haitavihesabu tena kama tegemezi. Kwa /boot ya 705M, fungua /etc/initramfs-tools/initramfs.conf, badilisha COMPRESS=zstd iwe COMPRESS=xz. Kujenga initrd kutachukua muda mrefu zaidi, lakini faili litapungua. Kuna wanaopendekeza MODULES=dep ili lipungue zaidi. Mimi sikushauri kwenye diski iliyosimbwa: inaingiza moduli za vifaa vinavyoonekana wakati huo tu, na siku ukichomeka kibodi nyingine ya nje inaweza isifanye kazi pale pa kuandika neno la siri.

bi_seva

Na ile kichwa.img usiiache kwenye fleshi ya kuzungusha. Ina funguo kama zilivyokuwa siku ya kunakili, kwa hiyo hata ukibadilisha neno la siri kesho, mwenye faili hilo na neno la zamani bado ataweza kufungua diski yako. Ukibadilisha neno la siri, chukua nakala mpya ya kichwa na uiharibu ya zamani.