Nimevuka bahari kutoka Pemba ili kurasa zangu za katuni zisomwe, nimeambiwa "safi, endelea"

Assalaamu alaykum ndugu wanajukwaa.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira ya siku kumi na moja, na nimejizuia kuandika mpaka leo ili nisije nikamzulia mtu jambo ambalo hakulifanya. Sitalitaja tamasha lenyewe wala waandaaji wake kwa jina, kwa kuwa waliokuwapo wanawajua na wao wenyewe wanajijua. Ninachokitaka ni kueleza nililoahidiwa, nililolipia na nililopewa.

Mimi ni mchoraji wa katuni, mkaazi wa Wete. Nachora tangu nikiwa darasa la tano, na kwa miaka mitatu sasa nachora hadithi kamili, yaani kurasa zenye fremu zinazofuatana, na si picha mojamoja za kutundikwa ukutani. Tangazo la tamasha hilo, lililofanyika katika ukumbi mmoja wa Mji Mkongwe, lilisema kwa maandishi kwamba kila mchoraji chipukizi atakayelipa shilingi 25,000 atapewa dakika 15 za kukaa na mtathmini aliyebobea, ambaye atazisoma kurasa zake na kumweleza yaliyo sawa na yasiyo sawa. Walitaka kurasa zisizopungua 8 na zisizozidi 12, ziwe za hadithi moja, zipangwe kwa mfuatano. Nililipa mwezi mzima kabla ya siku yenyewe, na stakabadhi ninayo.

Kwa mtu wa mjini, shilingi 25,000 huenda zikawa ndizo gharama zote. Kwa mtu wa Wete ndio kwanza hesabu inaanza, kwa sababu kuna daladala ya kwenda Mkoani alfajiri, kuna nauli ya boti kwenda na kurudi, yangu na ya mdogo wangu wa kiume ambaye mama hakukubali nisafiri bila yeye, na kuna kutokwenda mikono mitupu kwa shangazi aliyetulaza Jang'ombe kwa siku mbili. Sehemu ya fedha hizo ilitoka kwenye karafuu ambazo mama amekuwa akizichambua usiku barazani kwa malipo, akitenganisha karafuu na makonyo, yaani vijiti vyake, kwa vidole hadi vikaota weusi. Nayataja haya kwa sababu baadhi ya watu wameshaniambia kwamba nalalamika kwa jambo dogo.

Sasa naomba mnivumilie nieleze nilichokwenda nacho, maana bila ya kukielewa hicho hamtaelewa kwa nini nimekasirika.

Hadithi yangu ni ya Mkama Ndume, mtawala wa Pujini, ambaye magofu ya ngome yake ya karne ya 15 bado yapo kusini mashariki ya Chake Chake. Wazee wetu husimulia kwamba alikuwa na wake wawili wasiopatana, na kwa kuwa maji yalikuwa ya kisima kimoja, akakigawa kisima kile kwa ukuta, mke mmoja akawa anateka kwa ndoo na kamba kutoka juu, na mwenzake anashuka kwa ngazi, ili wasionane. Ukurasa wangu wa tano umejengwa juu ya ukuta huo. Nimeuchora kutoka juu ya karatasi hadi karibu na chini, fremu nne upande wa kushoto kwa mke wa ndoo, fremu nne upande wa kulia kwa mke wa ngazi, na chini kabisa kuna fremu moja pana isiyo na ukuta, ambamo kiwimbi kilichoanzishwa na ndoo ya mmoja kinafika kwenye vidole vya miguu vya mwenzake. Hicho kiwimbi hakimo katika masimulizi ya wazee, nimekibuni mwenyewe, na ndicho kinachoibeba hadithi yote.

Ukurasa huo nimeuchora mara sita. Tatizo langu ni moja, na ni tatizo la ufundi. Sijui msomaji atashuka kwanza upande wa kushoto hadi mwisho ndipo ahamie kulia, au atakatiza ukuta fremu kwa fremu. Akikatiza, maneno ambayo mke mmoja anayasema moyoni yatasomeka kama jibu kwa mwenzake, na watu wawili ambao kisa chao kizima ni kwamba hawasemezani wataonekana wanapiga soga. Mchoraji mwenyewe hawezi kulijua jambo hili kwa kuutazama ukurasa wake, kwa sababu jicho lake limeshazoea njia. Anahitaji jicho la pili, na la mtu anayeifahamu kazi. Hilo ndilo nililolilipia.

Na jicho hilo kwetu halipatikani kwa urahisi. Marehemu baba yangu alikuwa ameweka magazeti ya Sani kwenye sanduku, nami nimejifunza kuchora kwa kuwanakili wahusika wake wa katuni, Ndumilakuwili na Lodi Lofa, kabla sijaweza kuyasoma vizuri maneno yao. Wachoraji wa enzi hizo walikuwa na chumba cha habari na mhariri ambaye mchoro ukiwa mbovu haupiti, unarudi mezani kwa mchoraji. Leo magazeti ya katuni yamepungua, nafasi ya katuni katika magazeti ya kawaida ni ya picha moja ya siasa, na kijana aliyeko Wete au Micheweni anatuma kurasa zake kwenye simu za watu na kurudishiwa vidole gumba. Kwa hiyo tangazo lile la dakika 15 lilikuwa kwangu jambo kubwa. Huko San Diego, Marekani, ambako mkutano wa wapenzi wa katuni ulianza mwaka 1970, kutazamwa jalada la kazi ni sehemu rasmi ya shughuli, na wachapishaji hukaa mezani wakitafuta watu wa kuwapa kazi. Sikutarajia kupewa kazi. Nilitarajia kusomwa.

Nilifika ukumbini saa mbili asubuhi. Niliitwa saa tisa alasiri. Katika muda huo wote hapakuwa na mtu aliyetuambia foleni imefika wapi, na wawili kati yetu walikata tamaa wakaondoka, na hawakurejeshewa fedha zao.

Bwana aliyekuwa mtathmini wangu alikuwa anakula urojo. Sina ugomvi na mtu kula, kwani naye alikuwa amekaa pale tangu asubuhi. Ugomvi wangu ni kwamba alilifungua jalada langu akiwa na bakuli mkono mmoja, na kurasa nilizompa hazikuwa nakala, zilikuwa kurasa zenyewe za wino, kwa kuwa maelekezo yao ndiyo yaliyotaka hivyo. Alifunua ukurasa wa kwanza, wa pili, kisha akashika kurasa tatu kwa pamoja. Kwenye ukurasa wa tano aliacha alama ya kidole, ya manjano, pale juu ya ukuta wa kisima, kwenye sehemu niliyoiacha nyeupe kwa makusudi. Manjano ya urojo hayatoki kwenye karatasi. Nimejaribu kwa kifutio, nimejaribu kwa wembe nikikwangua taratibu, na sasa pamebaki doa lenye rangi ya chai na karatasi imeanza kufumuka.

Alipofika mwisho akasema, "Safi sana. Mkono unao. Endelea hivyo hivyo."

Nikamwambia, "Samahani bwana, naomba kukuuliza kuhusu ukurasa wa tano. Ulipousoma, ulianzia wapi?"

Akanijibu kwamba maneno huwa hayasomi, yeye anaangalia mkono tu.

Naomba kila anayejua chochote kuhusu katuni alitafakari jibu hilo. Hadithi ya katuni ni maneno na picha vilivyofungwa pamoja, na puto la maneno likiwekwa mahali pasipo pake huharibu fremu sawa na mguu uliochorwa mfupi. Mtu anayetathmini katuni bila ya kusoma maneno ni sawa na mtu anayepewa utenzi autathmini akaishia kusifu mwandiko. Mdogo wangu alikuwa anatazama saa: tangu nilipokaa hadi nilipoinuka zilipita dakika nne, na katika hizo, moja nzima ilikwenda kwa msaidizi wake aliyekuwa anapiga picha kurasa zangu kwa simu.

Hilo la picha nitalipitia kwa haraka kwa sababu liko wazi. Hawakuniomba ruhusa. Siku ya tatu ukurasa wangu wa pili uliwekwa mtandaoni kutangaza mafanikio ya tamasha, bila ya jina langu. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003 na ina ofisi ya kuisimamia, na mchoro ni mali ya aliyeuchora hata kama ni mtoto wa shule.

Ningeweza kujiambia kwamba huenda kazi yangu haikuwa na la kusemwa. Lakini kijana wa Makunduchi aliyenitangulia naye aliambiwa "safi, endelea hivyo hivyo". Dada wa Bububu aliyenifuata aliambiwa maneno hayo hayo. Tulipokaa nje na kuoneshana kazi zetu, niliona kwamba yule kijana anachora nyuso vizuri sana kuliko mimi, lakini vichochoro vyake vya Mji Mkongwe vinayumba, kwa sababu mistari ya mapaa inakimbilia upande mmoja na mistari ya vizingiti vya milango inakimbilia upande mwingine, mpaka mtu aliyesimama mlangoni anaonekana mrefu kuliko nyumba. Jambo hilo linaelezeka kwa penseli na rula kwa dakika tano. Kijana yule amerudi kwao akiamini kwamba vichochoro vyake ni safi. Atavichora hivyo mwaka mzima. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko doa langu, kwa sababu sifa isiyo ya kweli imemgharimu mtu mwaka na yeye hajui.

Wapo watakaosema kwamba mtathmini aliogopa kutuvunja moyo. Sisi hatukulipa ili tuogopewe. Mama yangu akiletewa karafuu zilizochanganyika na makonyo hasemi safi ili kumfurahisha mchumaji, kwa kuwa mnunuzi atazikataa kituoni na hasara itakuwa ya wote.

Sasa nisikilizeni yaliyotokea kwenye boti ya kurudi.

Tulikaa karibu na mama mmoja wa Chwale aliyekuwa na binti yake wa miaka kama tisa. Mtoto aliona jalada, akaomba kutazama, nami nikampa baada ya kumfuta mikono. Alisoma polepole, kwa sauti, kila neno. Alipofika ukurasa wa tano kidole chake kikatua upande wa kulia, kwa mke wa ngazi, kikashuka naye hadi chini kwenye kiwimbi, ndipo kikarudi juu upande wa kushoto. Nikamuuliza, "Mbona umeanzia huku, mwanangu?" Akanijibu, "Si ndiko kunakoanzia?" Mama yake akaniambia kwamba mtoto huyu kutwa yuko na juzuu yake ya chuoni.

Katika mara sita nilizouchora ukurasa ule sikuwahi kufikiri kwamba msomaji wa Pemba, anayesoma herufi za Kilatini asubuhi na za Kiarabu jioni, anaweza kuuingia ukurasa uliogawika katikati kwa mlango wowote kati ya miwili. Kisha mama mtu naye akautazama, akauliza, "Kwani hawa wanasemezana?" Nikamwomba anioneshe kilichomfanya afikiri hivyo. Akagusa maputo ya maneno. Nilikuwa nimeyabandika yote karibu na ukuta, pande zote mbili, yakitazamana. Kumbe kosa lilikuwa pale, kwenye mahali pa maputo, wala halikuwa kwenye idadi ya fremu. Yakisogezwa kwenye kingo za nje za karatasi, kila mke atabaki na upande wake.

Mama yule hajawahi kuchora. Hakunitoza kitu. Alichokifanya ni kusoma, kisha akasema alipopotea.

Kwa hiyo nawataka waandaaji, ambao najua jukwaa hili wanalisoma, wafanye mambo yafuatayo. Waiondoe picha ya ukurasa wangu au waiwekee jina langu leo hii. Wawarejeshee fedha zao wale wawili walioondoka bila ya kuonwa. Na kwa sisi wengine, ama waturejeshee shilingi 25,000, ama watuandikie tathmini ya kweli, ukurasa kwa ukurasa, maneno na picha pamoja, kutoka kwa mtu aliyekaa akazisoma. Mimi nachagua tathmini. Nakala safi za kurasa zote 12 nitawatumia, isipokuwa ukurasa wa tano, ambao nauchora kwa mara ya saba na utakuwa tayari baada ya wiki mbili.

Na ninyi mliokuwapo siku ile, naomba mwandike hapa chini mlichoambiwa, neno kwa neno, na dakika mlizokaa mezani. Kijana wa Makunduchi, ikiwa unausoma uzi huu, naomba unitumie ujumbe. Nina rula, na nina la kukueleza kuhusu vile vichochoro.