Mrejesho: kufundisha wanafunzi wa udaktari kupanga insulini wodini

Wakuu nimerudi, niliuliza niwafundisheje wanafunzi kupanga insulini kwa wagonjwa waliolazwa maana wengi walikuwa wanasubiri sukari ipande ndo wachome. Asanteni sana, hasa aliyesema niachane na slaidi niwape chati za wodini (majina tumefuta), kila mtu aandike dozi yake kabla ya raundi alafu tubishane. Hiyo imekubali kabisa, saivi wengi wanalenga sukari ya damu iwe milimoli 7.8 hadi 10 kwa lita na wanajua mwenye kisukari aina ya 1 hakatiwi insulini ya msingi (ile ya muda mrefu, siyo ya kuchoma wakati wa kula) hata akiwa hajala. Maigizo ya sukari kushuka yamebuma, walicheka tu. Kupunguza dozi figo zikifeli bado wanababaika, nawakomalia.