Intanshipu Juni mpaka Agosti: Jinja, Kasese ama Mbale kwa mtu wa milima na baiskeli?

waya_moto
Habari zenu wakubwa. Niko mwaka wa pili, umeme, chuo hapa Kampala. Likizo hii tunatakiwa intanshipu kuanzia Juni. Barua nimetuma mpaka nikachoka, waliojibu ni watatu: kiwanda Jinja, mtambo mdogo wa umeme wa maji upande wa Kasese, na karakana ya transfoma Mbale ambako baba mdogo ana nyumba, kwa hiyo kulala bure. Hakuna anayelipa, wa Kasese tu ndio wanatoa chakula cha mchana. Sasa mimi sitafuti kazi peke yake, tangu mwaka uanze nimejifungia Kikoni na vitabu, nataka nikitoka kazini nitembee, nipande kilima, niendeshe baiskeli (ninayo, ya gia). Kuogelea najua kidogo tu. Wenyeji semeni ukweli, sio ule wa kuambia watalii.

mtoto_wa_bwera
Kasese, na sisemi kwa sababu ni kwetu 😂 Juni mpaka Agosti mvua kwetu inapungua, asubuhi mawingu yakifunguka unaiona Rwenzori yote. Ila usijidanganye na Margherita, kile kilele chake cha juu kabisa, ile ni mita 5,109, watu wanaenda wiki nzima na zaidi, na kuna malipo ya hifadhi, waongozaji, wapagazi, vifaa vya barafu, sio mambo ya mwanafunzi wa intanshipu. Wewe wako ni mlima wa chini. Jumapili panda barabara ya Kilembe ukifuata mto Nyamwamba, utapita mgodi wa zamani wa shaba, utaona mawe makubwa kama nyumba yaliyoletwa na mafuriko. Ama nenda Nyakalengija, tafuta kijana wa pale akuzungushe kwenye mashamba ya kahawa, mnaelewana bei.
Baiskeli hapo nakuonya. Barabara ya kushuka Kikorongo ni lami safi, tambarare, inavutia, lakini inapita ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth na tembo wanakatiza wanavyotaka. Kwenye taksi ni raha, kwenye baiskeli jioni usijaribu. Halafu mjini joto.
Kazi sasa: mtambo mdogo ndio shule. Unaona maji yanapochotwa mtoni, yanashuka kwenye bomba, tabaini, jenereta, mpaka laini inatoka. Watu ni wachache kwa hiyo utashika spana utake usitake.

dada_wa_walukuba
Bwera anavuta kamba kwake, sawa. Lakini waya jiulize, siku ya kazi saa kumi na moja jioni utakuwa unafanya nini? Mlima ni wa wikendi. Jinja ukitoka kazini saa hiyo, jua halijazama uko kwenye baiskeli unafuata Nile kuelekea Bujagali, mji tambarare, mitaa mipana ina miti. Ila msije mkitafuta yale maporomoko ya Bujagali, yalizama bwawa lilipojengwa, mpaka leo kuna watu wanashuka kwenye boda wakiuliza yako wapi. Pale sasa maji yametulia, watu wanapiga kayaki. Maji makali yako chini zaidi, Itanda. Rafti wanatoza dola, wewe uliza bei ya raia mapema na usikubali kuambiwa haipo kabla hujazunguka kampuni zingine.
Na ziwani usiogelee kwenye majani, kichocho kipo.
Kuhusu kiwanda, uliza utawekwa idara gani KABLA ya kukubali. Kuna kijana namjua aliletwa kama fundi umeme, akamaliza intanshipu yote anapiga fotokopi na kununulia mabosi rolex (chapati ya mayai), logibuku ya kuandikia kazi za kila siku akajaza ya kutunga. Kama unataka Jinja, jaribu tena mabwawa yenyewe. Nalubaale inazalisha umeme tangu 1954, na Kiira iko jirani yake.

mzee_namakwekwe
Mwanangu, nyumba ya bure usiichezee. Piga hesabu ya muzigo (chumba cha kupanga), godoro, sigiri, maji, umeme, halafu hakuna anayekulipa. Mbale kilima cha Wanale kiko juu ya mji kabisa, huhitaji nauli, unatoka mlangoni unapanda. Sipi ni saa moja na kitu kwa taksi, maporomoko matatu, kubwa lao linakaribia mita 100. Ukipanda mpaka Kapchorwa huko ndiko kwa wakimbiaji kina Cheptegei, alfajiri unakuta watoto wanakimbia mlima huku wewe unahema umesimama.
Lakini sitakuficha, Julai kwetu mvua ipo. Mwisho wa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika ikaua watu. Wanale panda asubuhi, mchana mawingu yakianza kujikusanya shuka. Ule udongo ukilowa unaganda kwenye soli mpaka kiatu kinakuwa kizito, na wakati huo akina mama wanakupita wanashuka pekupeku na mboga kichwani.

kalooli
Fort Portal mmeisahau banange. Toa noti ya elfu ishirini uangalie, lile ziwa ni Nyinambuga, liko huko. Sijui kwa nini watu wanakimbilia Jinja tu.

mtoto_wa_bwera
Kalooli, Fort Portal kutoka Kasese ni kilomita kama 75, anaenda Jumapili anarudi. Na waya, kitambulisho usiache Kampala, kwenye hifadhi raia wa Afrika Mashariki tunalipa shilingi, bei ya chini mbali na ya wageni.

waya_moto
Asanteni sana. Mzee nakuheshimu lakini baba mdogo anafunga geti saa moja jioni na hafungui kwa mtu 😅 kwa hiyo Mbale naona nitaenda kusalimia tu. Dada, nimewapigia wa kiwanda kuuliza idara, wamesema "utapangiwa ukifika". Nimeelewa. Naelekea Kasese. Bwera, nilale mjini ama karibu na mtambo? Na supavaiza wa chuo atafika huko kweli?

mtoto_wa_bwera
Lala karibu na kazi, Bugoye huko, kuna baridi nzuri, na ukitoka mlangoni uko kwenye vilima. Kwanza uliza kampuni vijana waliopita walikuwa wanapanga wapi, usikodi kwa simu. Supavaiza mwambie mapema, maana wengine wakiona uko peke yako mbali hivyo wanapiga simu tu basi, na marks zako zinabaki hewani.

waya_moto
Na baiskeli kwenye basi?

dada_wa_walukuba
Fungua gurudumu la mbele, na bei muelewane na kondakta kabla hujakata tiketi. Ukishakata, anakupiga anavyotaka.