Safari za siku moja kutoka Maskati: Nizwa, Wadi Shab, mchanga wa Sharqiya au visiwa vya Daymaniyat?

mwana_wa_tanga

Salaam wakuu. Tutakuwa watu wanne Maskati katikati ya Desemba, mmoja wetu ni mama wa miaka 68. Anatembea vizuri ila hawezi kupanda mawe. Siku tulizonazo ni Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Gari ni saluni ya kukodi, na kila usiku tunarudi kulala Ruwi, hapo hapo Maskati.

Tunapima mambo manne: Nizwa pamoja na Jebel Akhdar, Wadi Shab pamoja na Sur, jangwa la mchanga la Sharqiya, na boti ya kwenda visiwa vya Daymaniyat. Siku ni tatu tu. Lipi tuliache, na yaliyobaki tuyapange vipi?

dereva_wa_ruwi

Mkuu, anza na siku ya wiki, fuatisha aina ya gari, umbali uwe wa mwisho. Wageni wengi hupanga kwa kilomita, ndiyo maana wanafika mahali pazuri kwa siku mbaya.

Wikendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Ijumaa asubuhi ndiyo siku ya mnada wa mbuzi Nizwa, na siku hiyo hiyo kila wadi, yaani bonde lenye maji, hujaa familia. Kwa hiyo Alhamisi nendeni Wadi Shab, Ijumaa Nizwa. Siku mbili zimeshajipanga, imebaki Jumamosi tu ya kubishania.

Nizwa ni kilomita kama 165 kutoka Ruwi kwa Barabara Kuu namba 15, lami safi mwanzo hadi mwisho. Mnada unaanza kuchangamka saa 12 na nusu asubuhi, ikifika saa 3 wengi wameshatawanyika. Ondokeni saa 10 na nusu alfajiri, salini njiani. Wauzaji huzunguka na mbuzi kwenye njia ya duara huku wakitaja bei kwa sauti, na wanunuzi wamekaa ndani na nje ya duara hilo. Kosa la wageni ni kusimama kwenye njia yenyewe ili kupiga picha. Mbuzi atakupita, lakini ng'ombe huletwa pia, na fahali aliyeshtuka hachagui pa kukanyaga. Mama akae nyuma ya safu ya wanunuzi, kwenye kivuli.

Baada ya mnada ingieni sokoni, kisha ngomeni, kabla ya sala. Kuanzia kama saa 5 na nusu maduka hufungwa, na mengi hayafunguki tena mpaka alasiri. Anayetoka Maskati saa 3 asubuhi siku ya Ijumaa anaikuta Nizwa imefunga milango.

bint_mvita

Naongeza kuhusu ngome, kwa sababu watu hupiga picha juu ya mnara wakaondoka bila kujua walichokanyaga. Mnara ule wa duara ulijengwa na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi katikati ya karne ya 17, na kazi inasemekana ilichukua miaka 12. Ndiye aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Sehemu ya chini ya mnara imeshindiliwa udongo na mawe ili mizinga isiubomoe. Ngazi yake ni nyembamba, inapinda kila baada ya hatua chache, na juu ya kila mlango kuna tundu la kumwagia adui asali ya tende iliyochemka. Mwangalie juu mnapopanda, mtayaona.

Kwetu Mombasa habari hii inaendelea: mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye aliyekuwa imamu majeshi ya Oman yalipoiteka Fort Jesus mwaka 1698. Ndugu yake, Bil'arab bin Sultan, ndiye aliyejenga kasri la Jabrin, karibu na Bahla. Ndugu hao walipigana, Bil'arab akafia humo Jabrin, na kaburi lake liko ndani ya kasri. Kutoka Nizwa ni chini ya saa moja kwa saluni. Dari zake za mbao zilizochorwa zinashinda chochote mtakachoona Nizwa. Ila ulizeni kwanza saa za Ijumaa, kwa sababu ngome nyingi hufupisha saa siku hiyo.

mlima_na_bonde

Jebel Akhdar ondoeni kabisa kwenye hesabu. Chini ya mlima, baada ya Birkat al Mawz, kuna kizuizi cha polisi, na gari lisilo 4x4 linarudishwa. Hata ukiomba namna gani. Lami ni nzuri hadi juu, na watu hudhani polisi wanawaonea. Tatizo ni kushuka. Uwanda wa Saiq uko mita kama 2,000 juu ya bahari, mteremko ni mkali na mrefu, na anayeshuka huku ameegemea breki anazipasha moto mpaka hazishiki. Ndiyo maana pembeni pamejengwa njia za dharura za changarawe, za kuliingiza gari lililoshindwa kusimama. Gari la 4x4 lenyewe linatakiwa kushuka kwa gia ya kwanza au ya pili, breki zikiguswa kidogo tu na kuachiwa.

Halafu mnaenda Desemba. Waridi wa Jebel Akhdar huchanua mwishoni mwa Machi hadi Aprili, komamanga huiva kuanzia Agosti na Septemba. Desemba mtakuta baridi na matawi matupu.

Badala yake, kutoka Nizwa nendeni Misfat al Abriyeen, juu ya Al Hamra. Saluni inafika hadi maegesho ya kijiji. Kuna nyumba za udongo juu ya miamba, mashamba ya ngazi, na falaji inayopita katikati ya mitende. Falaji ni mfereji wa maji unaotegemea mteremko tu, bila pampu, na maji hugawiwa wakulima kwa zamu za saa. Mitano ya Oman imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006, mmojawapo ni Falaj Daris hapo hapo Nizwa. Mama aishie kwenye njia ya juu ya kijiji. Ngazi za kushukia mashambani zimelainika kwa maji.

Jebel Shams, mlima mwingine, sitaji hata kidogo kwa safari ya siku moja kutoka Ruwi. Kwenda na kurudi ni kama saa saba za barabarani.

mvuvi_wa_sur

Alhamisi sasa. Tokeni saa 12 na nusu asubuhi kwa Barabara Kuu namba 17 ya kwenda Sur. Kabla ya Wadi Shab, njiani, kuna Hawiyat Najm, yaani shimo la nyota. Wenyeji husimulia kuwa nyota ilianguka. Kilichotokea ni chokaa kuliwa na maji chini kwa chini mpaka paa likaporomoka. Ngazi za zege zinashuka hadi majini. Nusu saa inatosha.

Wadi Shab iko Tiwi, gari linaegeshwa chini ya daraja la barabara kuu. Mnavushwa kwa boti ndogo, riali 1 kwa mtu kwenda na kurudi, muwe na pesa taslimu. Baada ya hapo ni mwendo wa dakika 40 hadi 45: mwanzo njia tambarare kando ya mashamba, baadaye mawe makubwa na kingo za mwamba. Mnaacha mizigo, mnaogelea dimbwi baada ya dimbwi, na mwisho kuna mwanya wa mwamba unaotosha kichwa tu juu ya maji. Ukipita unaingia pangoni kwenye maporomoko. Sehemu kadhaa miguu haigusi chini. Asiyejua kuogelea avae jaketi okozi, na alete lake. Viatu viwe vya kufunga vyenye soli inayoshika, ndala zinateleza. Simu ziwe ndani ya mfuko usioingia maji, wengi huziharibu pale kwenye mwanya. Mavazi: fulana na kaptura ndefu, akina mama suruali ya kubana na blauzi. Ni bonde la watu, si ufuo wa hoteli.

Jumla yake ni saa tatu hadi nne. Boti huacha kuvusha kabla ya magharibi, na Desemba jua linazama kabla ya saa 11 na nusu jioni. Saa 7 mchana muwe mmeshatoka.

bint_mvita

Na mama je? Saa tatu na nusu amekaa chini ya daraja?

mvuvi_wa_sur

Hapana, bibie. Wawili waingie bondeni, mmoja ampeleke mama Sur kwa gari, kama kilomita 45, kisha awarudie. Sur ina karakana ya majahazi ambako mbao bado zinachongwa kwa mkono, na Fath al Khair, jahazi la aina ya ganja lililoundwa mwaka 1951, limewekwa nchi kavu watu walione. Vyombo vya Sur ndivyo vilivyokuwa vikishuka na kaskazi hadi Unguja na kurudi na kusi. Mwenye wazee wa pwani nyumbani ataelewa kwa nini nasema mama asipitwe na mahali hapo.

Njiani kuna Qalhat, magofu ya mji wa kale yaliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2018, na kaburi la Bibi Maryam likiwa bado limesimama. Ibn Battuta, yule aliyefika Kilwa mwaka 1331, alipita hapo pia. Eneo lina uzio, ulizeni kama pamefunguliwa kabla ya kukata kona.

dereva_wa_ruwi

Jumamosi: Daymaniyat au Sharqiya. Visiwa ni tisa, hifadhi tangu 1996, boti hutoka Seeb, Al Mouj au Barka asubuhi na kurudi mchana. Desemba ni ndani ya msimu unaoruhusiwa kushuka ufukweni, kwa sababu Mei hadi Oktoba panafungwa kwa ajili ya kasa kutaga. Tatizo la Desemba ni upepo. Ukivuma shamali, boti inaruka juu ya mawimbi, na mgongo wa mtu wa miaka 68 hauvumilii. Safari zenyewe huahirishwa. Msilipe bila kuuliza masharti ya kurudishiwa pesa.

mlima_na_bonde

Mimi nasema Sharqiya, lakini saluni isiguse mchanga. Egesheni Al Wasil, kando ya mchanga, kodini gari la 4x4 na dereva wa hapo. Yeye hupunguza upepo wa matairi kutoka psi 33 au 35 hadi 15 au 18, ili tairi litanuke na lisichimbe. Gari likizama, dereva mbaya huongeza mafuta, na hapo linakaa hadi kwenye chasisi. Mzuri huacha mara moja, hufukua mchanga mbele na nyuma ya matairi, hushusha upepo kidogo tena, na kutoka kinyumenyume kwenye alama zake. Kabla ya kurudi lamini lazima matairi yajazwe. Tairi laini kwa mwendo wa kasi hupata moto na kupasuka.

Anzeni na Wadi Bani Khalid. Ni saa mbili na nusu kutoka Ruwi, lami hadi maegesho, na mabwawa yako mwendo mfupi kwa njia ambayo mama anaimudu. Ni Jumamosi, kwa hiyo fikeni kabla ya saa 4 asubuhi. Mchanga uwe alasiri, jua likilala.

mwana_wa_tanga

Shukrani sana. Tumeacha Jebel Akhdar na visiwa. Mafuta na mvua?

dereva_wa_ruwi

Nizwa kwenda na kurudi saluni hunywa lita 26 hivi, karibu riali 6. Mwendo wa juu barabara kuu ni 120, kamera ziko kila mahali.

Mvua msiangalie ya Maskati, angalieni ya milimani. Bonde hufurika chini ya anga jeupe kwa sababu mvua imenyesha kilomita 40 juu, na ardhi ya mawe hainywi maji. Wakionya kuhusu mvua kwenye milima ya Hajar ya Mashariki, Wadi Shab na Bani Khalid zote mbili zifuteni. Maji yakikatiza barabara msivuke, hata wenyeji wakivuka. Ni kosa la jinai pia. Namba ya dharura ni 9999.

mvuvi_wa_sur

Jumamosi mkienda mtapita mji wa Ibra. Mkipata saa moja, ingieni Al Munisifeh, mtaa wa kale wa nyumba za ghorofa zilizojengwa na matajiri waliofanya biashara na Afrika Mashariki. Wazee wa Ibra wanaokijua Kiswahili bado wapo, mama asalimie tu. Egesheni nje ya lango muingie kwa miguu, na msipande ghorofani, sakafu zimeoza.